Simu yangu ilizama Pangani: namna nilivyounganisha namba, ratiba na picha za kazi kati ya simu na kompyuta ya ofisini

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Nipo Tanga, nakodisha maturubai, viti, meza na vyombo vya shughuli. Harusi, maulidi, misiba, mikutano, kote huko tunafika. Ofisini nina kompyuta ya mezani niliyonunua ya mtumba, na mdogo wangu ndiye anayekaa nayo. Anaandika risiti, anapiga hesabu, anapokea wateja wanaokuja wenyewe. Mimi nashinda barabarani na simu. Miaka mitano tumefanya kazi hivyo: yeye na orodha zake za Excel, mimi na simu yangu, jioni tunakaa kulinganisha.

Mwezi wa nane nilikuwa narudi kutoka Bweni, tupo juu ya kivuko. Nikainama kukaza kamba ya mzigo, simu ikachomoka mfuko wa shati ikaingia mto Pangani. Kivuko kikafika ng'ambo, watu wakashuka, mimi bado nimesimama naangalia maji.

Laini niliirudisha siku ileile, namba ya NIDA na kidole, basi. Nikanunua simu nyingine, nikaingia kwenye akaunti yangu ya Google nikasubiri majina yashuke, maana siku zote nilikuwa nasikia kwamba kila kitu kipo Google. Yakashuka majina 212. Nilikuwa na zaidi ya 1,100.

Kibaya zaidi kilikuja siku tatu baadaye. Mama mmoja aliingia ofisini kuulizia shughuli ya binti yake, keshokutwa yake. Oda yake niliipokea mimi kwa simu nikaiandika kwenye kalenda ya simu. Mdogo wangu hakuwa nayo, na maturubai yote makubwa alishampa mtu mwingine tarehe hiyo. Tuliazima kwa mwenzetu wa Muheza, shughuli ikafanyika. Lakini mama yule alilia mbele yangu, na mimi ndiye niliyesababisha.

Tangu hapo nimekaa na jambo hili mpaka nimelielewa. Naliweka hapa kwa kirefu kwa ajili ya yeyote mwenye simu moja na kompyuta moja ambazo hazijuani.

Anzeni hapa: jina ulilohifadhi kwenye simu linakaa wapi? Kwenye Android yapo makazi matatu, na ukiangalia orodha yako yote yanaonekana kama mtaa mmoja. Lipo linalokaa kwenye laini. Hilo ni jina fupi na namba, basi, na laini nyingi hubeba majina 250 au karibu na hapo. Lipo linalokaa kwenye simu yenyewe, linaandikwa "Kifaa" au "Simu", na hilo hufa na simu. Na lipo linalokaa kwenye akaunti, iwe ya Google au ya kampuni iliyotengeneza simu. Hilo la tatu ndilo pekee linalosafiri mpaka kwenye kompyuta. Mimi nilipoanza kutumia simu ile, iliniuliza mara moja tu pa kuhifadhia, nikabonyeza "Simu" bila kufikiri. Kila jina nililoongeza kwa miaka mitatu lilikwenda huko kimyakimya.

Fungua programu ya majina sasa hivi, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta akaunti ya kuhifadhia majina mapya, weka akaunti yako. Halafu angalia yaliyokwisha kuwekwa "Kifaa" uyahamishie kwenye akaunti. Programu ya majina ya Google ina chaguo la kusawazisha majina ya kifaa. Ukiliwasha, yaliyokuwa yamejificha kwenye simu yanapanda kwenye akaunti. Ukifanya hilo tu leo usiku, uzi huu umekufaa.

Kwenye kompyuta unayaona kwa kuingia contacts.google.com kwa akaunti ileile. Mdogo wangu akisahihisha namba ya mteja pale mezani, kwangu inabadilika kabla sijafika Chumbageni.

Kalenda, picha na mafaili nitaviandika kwenye maoni yanayofuata, kwa sababu kila kimoja kina mtego wake. Aliyepitia haya anisahihishe.

#2 – Mdau, Mwanza

Mkuu pole sana. Nimeangalia kwangu sasa hivi: 640 yapo "Kifaa". Miaka minne! Nimeyahamisha hapahapa nikiwa kwenye daladala.

Swali langu: majina yaliyopotea uliyapataje? Mimi nina orodha ya wateja kwenye Excel, nilijaribu kuyaingiza kwenye simu, sifuri zote za mbele zikapotea na namba nyingine zikawa na herufi E katikati.

#3 – Mwanzisha uzi

Mdau wa Mwanza, hapo umegusa kidonda changu kabisa.

Nilikuwa na vyanzo viwili. Cha kwanza, faili la majina (.vcf) la miaka mitatu nyuma lililokuwa kwenye flashi, nililitoa siku nabadilisha simu. Cha pili, daftari la risiti, ambalo mdogo wangu alikaa siku mbili akaliandika lote kwenye Excel. Hilo la pili ndilo lilituumiza.

Excel ikiona tarakimu tupu inadhani ni hesabu. Kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi, kwa hiyo 07 inakuwa 7. Ukiandika kwa +255, alama ya kujumlisha inaondoka na inabaki namba ya tarakimu 12. Namba ndefu hivyo huifupisha kwenye kuonyesha, unaona kitu kama 2.55E+11. Hapo bado hujaharibikiwa, namba kamili imo ndani ya kisanduku. Unaharibikiwa ukihifadhi faili kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu yanayotenganishwa kwa mkato, kwa sababu linaandikwa kile kinachoonekana. Ukilifungua tena, tarakimu za mwisho zimekwenda na hazirudi. Sisi tulipoteza namba 90 hivi kwa njia hiyo, baada ya siku mbili za kuandika. Mdogo wangu aliziandika upya bila kulalamika. Namshukuru hapa hadharani.

Dawa yake: kabla hujaandika hata namba moja, chagua safu nzima ya simu uiweke kuwa maandishi. Kama CSV umeshaletewa, usiibonyeze mara mbili. Fungua Excel kwanza tupu, nenda menyu ya Data, chagua kuingiza kutoka faili la maandishi, na kwenye safu ya simu sema ni maandishi. LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Excel, ni rahisi zaidi hapo, kwa sababu ukifungua CSV inakuuliza aina ya kila safu kabla ya kuonyesha chochote.

Na andikeni namba zote kwa +255, hata za watu wa jirani. Namba moja ikiwa imeandikwa kwa 07 huku na +255 kule, mteja mmoja anakuwa watu wawili, na siku mnasafisha majina yanayojirudia mnapata tabu.

Kama unahamisha majina tu na huna haja ya kuyahariri, achana na CSV kabisa, tumia .vcf. Hilo ni faili la maandishi, kila mtu na kadi yake, na linasomwa na karibu kila simu na kila programu ya barua pepe.

#4 – Mdau, Dodoma

Naongezea kwenye .vcf, kwa wazee wenzangu.

Mfumo huo ni wa zamani. Toleo 2.1 ni la mwaka 1996, mwaka uleule zilipotoka Pilot za kwanza, zile kompyuta ndogo za mkononi zilizokuja kujulikana kwa jina la Palm. Ilikuwa inakaa kwenye kitako chake mezani, unabonyeza kitufe kimoja, majina na ratiba vinakwenda kwenye kompyuta na vya kompyuta vinakuja kwake. Nilimwona nayo bosi wangu mmoja, nikatamani sana. Baadaye mimi nikawa na Nokia na programu ya PC Suite na waya wake, kila Ijumaa jioni nachomeka. Tulikuwa na nidhamu kwa sababu waya ulitulazimisha.

Ninachotaka kusema ni hiki: mafaili ya .vcf ya simu za zamani, na hata yanayotolewa na Android nyingi za sasa, ni ya toleo 2.1. Programu za kompyuta nyingine zinataka 3.0 au 4.0 na zikipewa la zamani zinaruka vipengele. Usihangaike. Liingize kwenye Google kwanza, halafu litoe tena. Linatoka likiwa 3.0.

#5 – Mdau, Mombasa

Ndugu yangu pole kwa msukosuko, na ahsante kwa maelezo. Mimi natumia iPhone na kompyuta ya Windows. Kwangu majina yapo iCloud. Nihamie Google ama nikae nilipo?

#6 – Mwanzisha uzi

Ndugu wa Mombasa, kaa ulipo kama simu ni iPhone na huna mpango wa kuibadilisha. Majina na kalenda ni vitu vyepesi sana. Zile GB 5 za bure za iCloud zinajazwa na picha na nakala za simu, majina yako yote pamoja hayafiki ukubwa wa picha chache. Kwenye Windows ingia icloud.com utayaona, na pale unaweza kuyatoa kama .vcf.

Ila chagua sehemu moja tu. Shemeji yangu aliongeza akaunti ya Google kwenye iPhone juu ya iCloud, zote mbili zikawashwa kwenye majina. Mengine yakawa yanakwenda huku, mengine kule, na hakuna orodha hata moja iliyokamilika. Kwenye mipangilio ya majina ya iPhone yako weka akaunti moja iwe ndiyo ya kuhifadhia, na nyingine uizimie majina, ibaki na barua pepe tu.

Hili ndilo nalisimamia katika uzi huu wote: kila aina ya taarifa iwe na nyumba moja. Simu na kompyuta ziwe madirisha ya kuchungulia nyumba hiyo. Sisi tulikuwa na nyumba mbili na kila jioni tunahamisha vitu kwa mikono.

#7 – Mwanzisha uzi (kalenda)

Sasa kalenda. Naomba mvumilie, hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Tulitengeneza kalenda mpya ndani ya akaunti yangu, tukaiita "Shughuli", nikamshirikisha mdogo wangu kwa anwani yake ya barua pepe nikimpa ruhusa ya kubadilisha matukio. Kalenda yangu ya nyumbani, mambo ya watoto na kliniki ya mama, ni nyingine, haoni. Kwenye kila tukio la Shughuli jina la mteja linatangulia, halafu idadi ya viti, halafu arubuni aliyotoa. Mahali pa shughuli panakaa sehemu yake.

Wiki ya kwanza tukapata tatizo ambalo sijaliona kwenye maelekezo yoyote ya wazungu. Mdogo wangu aliandika "saa 2 asubuhi kupeleka viti", na kwenye sanduku la saa akaweka 2:00. Simu yangu ikalia saa nane usiku. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Saa mbili yetu ya asubuhi kwake ni 8:00, na saa mbili ya usiku ni 20:00. Unaweza kucheka, lakini fikirieni ingekuwa kinyume chake, lori limesubiriwa asubuhi na simu yangu ipo kimya. Tumekubaliana: kwenye sanduku la saa tunaandika kwa saa 24, na kwenye jina la tukio tunaandika kwa Kiswahili, "saa mbili asubuhi". Visipolingana, aliyeona anapiga simu kuuliza.

La pili ni ukanda wa saa. Kompyuta za mtumba zinakuja na mipangilio ya zilikotoka. Yetu ilikuwa ya magharibi ya Marekani, na aliyeiuza alirekebisha saa kwa mkono bila kugusa ukanda. Saa ya ukutani na saa ya kompyuta zikawa sawa, lakini ndani yake kompyuta inaamini ipo pwani nyingine ya dunia. Kalenda huhifadhi tukio pamoja na ukanda wake, kwa hiyo alichoandika yeye saa nne asubuhi kwangu kikaja kimesogea saa 10 mbele, saa mbili usiku. Weka ukanda wa Nairobi, ambao ni UTC+3, na uiache kompyuta ijisahihishe yenyewe kwa intaneti.

La tatu, betri ndogo ya duara ndani ya kompyuta, CR2032. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inasahau tarehe na kurudi miaka nyuma. Ikishakuwa mwaka wa nyuma, kivinjari kinakataa kufungua tovuti salama kwa sababu vyeti vyake vinaonekana bado havijaanza kutumika, na usawazishaji unagoma bila kueleza sababu. Tulilaumu intaneti wiki nzima. Betri ni bei ya chai na chapati chache, fungua mfuniko ubadilishe.

#8 – Mdau, Muscat

Nathibitisha hilo la ukanda. Sisi tupo hapa Muscat na wazee wapo Unguja. Huku tupo saa moja mbele yenu. Nikiandika kwenye kalenda ya familia "daktari, saa 10:00" kwa ukanda wa huko, kwangu linaonekana 11:00, na ndivyo inavyotakiwa, maana ni wakati uleule mmoja. Dada yangu mwanzo alidhani imekosea akawa anasahihisha, na mama anachelewa hospitali.

Ushauri wangu kwa wenye ndugu nchi mbili: siku za kuzaliwa na siku za hitma ziandikwe kama tukio la siku nzima. Hilo halina saa ndani yake, kwa hiyo halisogei popote ulipo.

#9 – Mdau, Arusha

Mimi sipendi Google ijue kila ninayempigia. Wateja wangu wengine ni wagonjwa. Kuna njia bila Google?

#10 – Mdau, Dar

Ipo, na mimi ninaitumia mwaka wa pili.

Kalenda na majina vina lugha zao za wazi za kusafiri, hazimilikiwi na kampuni. Ya kalenda inaitwa CalDAV, ya mwaka 2007. Ya majina inaitwa CardDAV, ya mwaka 2011. Seva yoyote, yaani kompyuta inayotunza taarifa na kuzigawa kwa vifaa vingine, inayozungumza lugha hizo inaweza kuwa nyumba yako. Mimi nimeweka Radicale kwenye kompyuta yangu ya mezani. Ni programu ndogo ya Python, inakaa mlango namba 5232, na kila kalenda inaihifadhi kama folda ya mafaili ya kawaida ambayo unaweza kuyanakili kwenye flashi. Kwenye Android naweka DAVx⁵, programu ya kuunganisha simu na seva hiyo, ambayo kwenye F-Droid (duka la programu huria) inatolewa bure. Kwenye kompyuta natumia Thunderbird, programu ya barua pepe na kalenda, inasoma vyote viwili.

Simu inasawazisha nikiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini. Nikitoka haiwasiliani na seva, lakini majina na ratiba vimo ndani ya simu, na nilichobadilisha njiani kinapanda nikirudi. Sijawahi kuona hasara yake. Anayetaka kufika seva yake akiwa nje ya ofisi aangalie Nextcloud, programu nyingine ya seva, kwenye seva ya kukodi, lakini ajue kwamba masasisho na usalama vitakuwa kazi yake yeye. Seva isiyosasishwa miezi sita ni hatari kuliko hiyo Google unayoiogopa.

#11 – Mdau, Arusha

Asante sana mkuu. Wi-Fi ya ofisini inanitosha. Nitajaribu mwisho wa wiki.

#12 – Mwanzisha uzi

Nimejifunza, mdau wa Dar. Thunderbird nasi tumeiweka, kwa sababu nyingine: inaweka nakala ya kalenda na majina ndani ya kompyuta. Intaneti ikikatika mdogo wangu bado anaona ratiba. Zamani kivinjari kikikwama alikuwa anamwambia mteja "njoo kesho".

Na dada au kaka wa Arusha, suala la wagonjwa ni la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na orodha ya wateja ni taarifa binafsi. Kompyuta inayotumiwa na watu watatu iwe na watumiaji watatu wenye nywila zao, na siku ya kuiuza diski ifutwe kikamilifu. Ile yetu ya mtumba ilikuja na barua pepe za ofisi ya mtu ndani yake. Nilizifuta bila kusoma.

#13 – Mwanzisha uzi (picha na mafaili)

Picha kwangu ni kazi. Kila mapambo tunayoweka nayapiga picha, mteja anayefuata anachagua kutoka hapo. Kupandisha picha zote mtandaoni kunakula bando, na nafasi ya bure ya Google ni GB 15 ambazo Gmail, Drive na Picha vinagawana. Zamani picha zilikuwa bure bila kikomo kwa ubora wa kawaida, hilo liliisha Juni 2021.

Tunatumia Syncthing, programu ya kusawazisha mafaili. Simu na kompyuta zinaongea moja kwa moja kupitia Wi-Fi ya ofisini, bila kugusa bando. Kwenye kompyuta unaisimamia kwa kivinjari, anwani 127.0.0.1:8384. Kwenye Android angalieni: programu yao rasmi ilisimamishwa Desemba 2024, tafuta Syncthing-Fork iliyoendelezwa na wengine. Unasoma msimbo wa mraba wa kompyuta kwa kamera ya simu, kompyuta inauliza kama unaikubali simu hiyo, unakubali, unachagua folda. Basi.

Mambo mawili yatakukuta. Simu nyingi huua programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili kulinda betri, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya betri uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Na faili moja likihaririwa pande zote mbili kabla hazijakutana, Syncthing haimezi upande mmoja. Linabaki faili la pili lenye maneno "sync-conflict" kwenye jina. Msilifute kwa hasira, fungueni yote mawili mlinganishe. Orodha yetu ya bei ilikuwa inafanya hivyo kila siku, tukaamua mdogo wangu ndiye anayeihariri na mimi nasoma tu.

#14 – Mdau, Morogoro

Mkuu, simu yangu ikijaa nikifuta picha kwenye simu, za kompyuta zinabaki?

#15 – Mwanzisha uzi

HAPANA, na nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Usifute kabla hujamaliza kusoma hapa.

Kusawazisha maana yake pande mbili zifanane. Ukifuta huku, kule kunafutwa pia. Ni ujumbe kama ujumbe mwingine, unasafiri. Tulikuwa na kijana wa kutusaidia, akaona majina yanajirudia kwenye simu ya kazi, akafuta karibu 200 kwa nia njema kabisa. Ndani ya dakika chache yalikuwa hayapo kwangu wala kwenye kompyuta. Usawazishaji ulifanya kazi yake sawasawa.

Kwa majina ya Google kuna wokovu: yaliyofutwa hukaa kwenye pipa siku 30, na kwenye kompyuta, kwenye mipangilio ya contacts.google.com, unaweza kutendua mabadiliko na kuirudisha orodha nzima ilivyokuwa saa moja iliyopita, jana, au siku yoyote ndani ya siku 30. Tulirudisha ya jana. Siku ya 31 ingekuwa hadithi nyingine.

Kwa picha za Syncthing, kwenye kompyuta fungua mipangilio ya folda, sehemu ya kutunza matoleo, chagua pipa la taka. Baada ya hapo kila kinachofutwa kwenye simu kinahamishiwa kwenye folda iliyofichwa ya .stversions badala ya kupotea. Mimi nimekwenda mbali zaidi: kila Jumapili mdogo wangu anahamisha picha za wiki kutoka folda ya Syncthing kwenda folda ya kudumu ambayo haijaunganishwa na kitu chochote. Yeye akishahamisha, kwangu zinaondoka zenyewe na simu inapumua.

Nakala halisi ni ile ambayo simu haiwezi kuifikia. Kila tarehe mosi tunatoa .vcf ya majina na .ics ya kalenda, tunaviweka kwenye flashi pamoja na folda ya picha, flashi inakwenda nyumbani kwa mama. Flashi zipo mbili, zinapokezana.

#16 – Mdau, Mwanza

Je, ukiibiwa simu na Google inataka kutuma namba ya kuthibitisha kwenye simu hiyohiyo?

#17 – Mwanzisha uzi

Swali zuri, mimi liliniponza nusu siku nikisubiri laini irudi. Kwenye usalama wa akaunti yako, sehemu ya uthibitishaji wa hatua mbili, kuna misimbo ya akiba: kumi, tarakimu nane kila mmoja, kila mmoja unatumika mara moja. Ichapishe. Yangu ipo kwenye bahasha ndani ya kabati la nyaraka, pembeni ya leseni ya biashara. Usiiweke kama picha kwenye simu.

#18 – Mdau, Dodoma

Mwanzisha uzi, umeshajaribu kurudisha? Nauliza kwa sababu nimeona ofisi nyingi zina nakala ambazo hazijawahi kufunguliwa.

#19 – Mwanzisha uzi

Mzee wangu, sikuwa nimejaribu mpaka ulipouliza. Nimefanya jana Jumapili.

Nilichukua simu ya zamani ya mke wangu, nikaifuta yote, nikajifanya yangu imezama tena. Niliingia kwenye akaunti kwa msimbo wa akiba bila kugusa laini. Majina 1,143 yakashuka wakati chai inachemka. Kalenda ya Shughuli ikaja yenyewe, na arubuni zote zipo kwenye matukio yake. Syncthing ilichukua muda mrefu zaidi, karibu saa mbili kwa folda ya wiki hii, kwa sababu simu ile ni ya zamani.

Nikaichukua na flashi kwa mama. Hapo nikakuta kasoro: ile ya mwezi uliopita .ics yake ni ya kalenda yangu ya nyumbani, ya Shughuli haimo. Mdogo wangu alikuwa anatoa faili kutoka kalenda ya kwanza kwenye orodha. Leo asubuhi tumekaa pamoja tumeitoa iliyo sahihi, ameifungua kwenye Thunderbird mbele yangu, na harusi ya tarehe 14 ya Raskazone imo, viti 300, saa tisa alasiri, 15:00.